Bunduki Iliyolika Upande wa Kulia

Siku za kazi Vedasto alitengeneza vitu, na siku za mapumziko alivichakaza. Katika hospitali moja ya Coon Rapids, Minnesota, yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mashine: pampu ya dripu ikikorofisha, au kitanda cha mgonjwa kikigoma kupanda, anaitwa yeye, na kitu kikitoka mikononi mwake kinarudi wodini kama kimetoka kiwandani jana. Lakini Jumamosi, kwenye gereji ya nyumba yake Maple Grove, fundi huyo huyo alichukua bunduki mpya ya kuchezea, bado inanukia duka, akaifanya ionekane imepita vita vitatu na mafuriko mawili.

Bunduki zenyewe ni zile za airsoft, zinazorusha gololi ndogo za plastiki. Watu wazima na akili zao, wenye kazi na mikopo ya nyumba, huvaa magwanda wakaingia msituni kukimbizana nazo, na jioni wakarudi kwa wake zao na malengelenge. Vedasto aliwacheka mpaka siku Jotham, Mkenya aliyefanya naye kazi, alipomburuta kwenda kuona. Kukimbizana hakukumnogea. Kilichomkera ni kwamba silaha zote zilikuwa mpya mno. Wanaume wamelala kwenye matope saa nne nzima, na bunduki zao zinameremeta kama sufuria za harusi. Akaomba ya Jotham, akaenda nayo nyumbani, na wiki mbili baadaye aliirudisha imezeeka kiasi kwamba Jotham aliipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo watu walimletea. Alikuwa na msasa mgumu na laini, brashi za kila unene, unga wa rangi ya kutu, na rangi ya fedha ambayo aliichovya kidogo tu, akaifuta brashi mpaka ikaribie kukauka, ndipo akaipitisha kwenye kingo za chuma. Kitako cha mti alikipaka chai ya rangi iliyokolea, kisha kiwi ya viatu, kisha akakisugua kwa kiganja chake chenye jasho. Ncha ya mtutu tu hakuigusa. Ilibaki na rangi yake ya chungwa ili kila mwenye macho ajue ni ya kuchezea.

Ila si rangi wala msasa vilivyompa jina. Wengine wanakwaruza popote, alikuwa akisema, ndiyo maana kazi yao inaonekana imefanywa na paka. Uchakavu una mwenyewe. Kabla hajagusa kitu alimkalisha mteja akamhoji kama karani wa sensa: huyu askari wako ni mrefu au mfupi? Anatumia mkono gani? Mkanda anautundika bega lipi? Amewahi kuanguka nayo? Watu waliojitungia askari wa kichwani walijikuta wanamsimulia nusu saa nzima, na Vedasto anawasikiliza kwa utulivu ambao mkewe, Dafrosa, alisema hajawahi kuuonja.

Mtu mmoja tu hakumhoji, naye ndiye aliyekuwa na majibu ya kweli.

Baba yake, Mzee Damas, alikuwa mgambo katika Vita vya Kagera. Vedasto alikulia Missenyi, katika nyumba yenye picha moja ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe sebuleni: kijana mwembamba, gwanda limempwaya, ameshika SMG kifuani, na kwenye kitako cha bunduki pamefungwa kipande cha khanga. Mama ndiye aliyeitundika. Kiti cha mzee kilikuwa chini ya picha hiyo hiyo, ameipa mgongo, na Vedasto mtoto aliona fahari: shujaa hana haja ya kujitazama. Kuhusu vita yenyewe mzee hakusema kitu. Ukimuuliza, ghafla alikumbuka kwamba ng'ombe hajafungwa.

Wakazoea hivyo, baba na mwana. Simu za kutoka Minnesota zilikuwa za mvua, kahawa, migomba inayonyauka na presha ya mzee. Mama alipofariki zikawa fupi zaidi.

Basi mwaka ambao Shekinah, binti yao wa pekee, alikuwa apate kipaimara, na babu yake akapewa viza baada ya kunyimwa mara mbili, Vedasto alipata wazo lililomkosesha usingizi kwa furaha. Angeitengeneza ile bunduki ya kwenye picha. Alitaka jambo moja tu, na alilitaka tangu ana miaka sita: baba yake akae naye amweleze maisha yake. Mzee akiishika bunduki yake tena, aliwaza, mdomo utafunguka wenyewe.

Akanunua nzuri, mwili wa chuma na kitako cha mti wa kweli. Binamu yake akaipiga picha ile kwa simu akamtumia, Vedasto akaikuza mpaka kila mkwaruzo ukaonekana, akaibandika ukutani mwa gereji. Kuanzia Januari, theluji imefika madirishani na kihita kinakoroma miguuni, alifanya kazi mpaka Aprili. Khanga ya zamani ya Dafrosa ilichanwa, na Dafrosa akanuna siku mbili. Kila doa lilikaa mahali pake.

Na lilikuwapo jambo moja ambalo jicho la mtu mwingine lisingeliona. Anayelenga kwa mkono wa kulia huegemeza shavu upande wa kushoto wa kitako, na jasho na ndevu hula rangi ya mti pale kidogo kidogo. Kwenye picha, palipolika ni upande wa kulia. Vedasto alivimba kichwa kwa ugunduzi huo. Akamwita Jotham aje aone alivyouiga.

Jotham alitazama picha, akatazama kitako. "Sasa huyu mzee wako ni left-handed ama?"

Baba yake alikula kwa mkono wa kulia, aliandika kwa wa kulia, na viboko vyake, ambavyo Vedasto alivikumbuka vizuri, vilitoka kulia. Akajibu kwamba atamuuliza. Jumapili alipiga simu, wakaongea habari za mvua.

Mzee Damas alifika Mei, mdogo kuliko alivyokuwa kwenye kumbukumbu, kofia imemfika masikioni. Wiki ya pili ikawa sherehe ya kipaimara. Walikuja Watanzania wa Saint Paul na wa Coon Rapids, wakaja na Wakenya wa jumuiya, wali na mbuzi vikajaa meza. Dafrosa alikuwa amekataza bunduki isivuke mlango wa gereji, kwa sababu ngozi zetu nyeusi na bunduki, hata iwe ya kurusha gololi, ni mchanganyiko unaoweza kumfanya jirani awapigie polisi simu. Kwa hiyo Vedasto aliwaingiza wageni wote gerejini, akafunga mlango, akatoa hotuba. Alisema mengi kuhusu mashujaa. Kisha akafunua kitenge kilichofunika bunduki.

Mzee aliipokea. Aliigeuza mara moja, upande wa kulia ukawa juu, akapitisha kidole gumba pale palipolika. Akagusa khanga. Watu walikuwa wakisubiri, na Vedasto kuliko wote. Mwishoni mzee akasema, "Asante, mwanangu. Umefanya kazi kubwa."

Hayo tu. Mtu akaomba apigwe picha ameishika kama zamani, wengine wakashangilia, na mzee wa watu, mgeni katika nyumba ya mwanawe, akasimama akaishika kifuani. Zilipigwa picha arobaini. Vedasto alizirusha kwenye kundi la familia kabla keki haijakatwa.

Alhamisi iliyofuata alirudi kutoka kazini saa kumi akakuta mlango wa ubavuni wa gereji uko wazi. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ya shati imekunjwa, bunduki iko magotini. Mezani palikuwa na chupa ya tina ya kutolea rangi, matambara meusi na mswaki wa zamani. Kipande cha khanga kilikuwa kimefuliwa, kinaning'inia kwenye waya. Unga wa kutu ulikuwa umekwisha, matope yamekwisha, rangi ya fedha imetoka kingoni mwote. Chuma kilikuwa cheusi na safi. Kitako tu ndicho kilichokuwa hakijaguswa.

Miezi minne ya baridi ilikuwa kwenye yale matambara.

"Miezi minne, Baba," alisema. "Kama hukuipenda, si ungeniambia?"

"Ilikuwa chafu, Vedasto."

"Ilitakiwa iwe chafu. Ndiyo kazi yenyewe." Na kwa kuwa hasira ikishapata njia haichagui cha kubeba, akaendelea: "Maisha yangu yote hujawahi kuniambia kitu. Halafu mimi nikikuambia kitu, unakifuta."

Mzee aliweka mswaki chini. Hapa ndipo Vedasto anaporudi kila siku, akiwa anaendesha gari, akiwa amelala chini ya kitanda cha hospitali na bisibisi mkononi. Mzee aliweka mswaki chini, akasogeza ndoo nyingine kwa mguu, akasema, "Kaa hapo nikuambie." Na Vedasto, aliyeisubiri sentensi hiyo tangu ana miaka sita, alijibu kwamba amechoka, akaingia ndani kuoga.

Alipotoka bafuni mzee alikuwa amekwisha kupanga matambara na kufagia. Mezani usiku ule aliuliza kama Minnesota kuna mbu.

Jambo la pili Vedasto alilifanya kwa makusudi, na nisimtetee. Jumamosi mzee alipokwenda na Dafrosa na Shekinah kuangalia mto Mississippi, yeye alibaki. Mara ya kwanza alitumia rangi, ambayo tina huitoa. Sasa akachukua msasa mgumu akakikwangua chuma mpaka kikabaki uchi, akachanganya siki na chumvi na dawa ya kuoshea vidonda, akakilowesha, akasubiri, akakilowesha tena. Kufikia mchana bunduki ilikuwa na kutu, si ya kuchora, kutu yenyewe, imeingia kwenye vitundu vya chuma. Akaifunga khanga yake upya, akaitundika ukutani juu, nyuma ya ngazi. Alijiambia kwamba sasa haifutiki tena. Aliridhika, tuseme ukweli, aliridhika kabisa.

Mzee aliondoka mwisho wa Juni. Alimbariki Shekinah, akamshukuru Dafrosa kwa uji wa kila asubuhi. Uwanja wa ndege Vedasto alisema shikamoo mara ya pili siku hiyo kwa kukosa la kusema, na baba yake akamjibu marahaba kama vile ndiyo ya kwanza.

Oktoba, Jumamosi moja asubuhi, alikuja mteja mpya na bunduki mpya. Vedasto akamkalisha. Mrefu au mfupi? Mfupi. Anatumia mkono gani? Yule bwana akajibu bila kufikiri kwamba askari wake ni mashoto, na Vedasto akaandika, akainua macho, na macho yakagota nyuma ya ngazi.

Alimwomba mteja arudi wiki nyingine. Akapiga simu Missenyi, ambako jioni ilikuwa inaingia. Shikamoo, marahaba, mvua ipo, kahawa imechumwa. Kisha akauliza alichopaswa kuuliza miezi tisa kabla.

"Baba, wewe ulikuwa unalenga kwa mkono wa kushoto?"

Vedasto akasikia kiti kikisogezwa.

"Hapana," mzee alisema. "Mashoto alikuwa Kaijage."

Kaijage alikuwa jirani, marehemu mume wa Ma Generoza. Vedasto hakuwahi kumwona Kaijage, lakini alimfahamu vizuri Ma Generoza. Utoto wake wote, mkungu wa kwanza wa ndizi wa kila msimu hakuuona ukiliwa nyumbani. Yeye ndiye aliyejitwika akaupeleka kwa mjane huyo, na alidhani baba yake anasaidia wajane.

Mzee alisimulia taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Walikuwa wamefika Masaka, wamekaa siku mbili bila kusikia risasi. Mpiga picha mmoja wa mji akaja na kamera yake. Yeye Damas alikuwa na mchumba nyumbani na alitaka kumpelekea picha, lakini bunduki yake ilikuwa kwa fundi wa kikosi tangu asubuhi. Kaijage akamwazima ya kwake, ile yenye kipande cha khanga ya Generoza. Picha ya kwanza ikapigwa, Damas akahisi amefumba macho, akaomba nyingine. Jua likafunikwa na wingu, mpiga picha akasema wangoje. Kaijage akachoka kungoja, akachukua madebe akasema anatangulia kuteka maji, utanikuta. Kisimani alikuwepo askari wa Amin aliyeachwa nyuma na wenzake, mwenye woga na bunduki. Kaijage alikuwa na madebe.

"Mimi nilikuwa nangoja jua litoke," mzee alisema. "Nilisikia mlio, bado nimesimama nimepiga pozi. Bunduki yake ninayo mimi."

Mama aliitundika ile picha kwa sababu ndiyo pekee ya ujana wa mumewe, na mumewe hakupata neno la kumzuia. Akaipa mgongo miaka arobaini na mitano. Halafu anavuka bahari, anakwenda kwa mwanawe, anaikuta bunduki yenyewe inamngoja gerejini, na kila alama ya shavu la Kaijage iko mahali pake, na watu wanapiga makofi.

Vedasto akaanza kusema samahani.

"Sikukasirika," mzee aliendelea. "Kule jeshini mtu akifa silaha yake husafishwa, ikarudishwa ghalani safi, na anayeisafisha ni mwenzake. Ile waliichukua mikononi mwangu na matope yake, tukaambiwa tusonge mbele. Sikuisafisha. Ulipoileta, nikasema basi, nimepewa nafasi." Akakohoa. "Chuma nilimaliza. Kitako sikufika. Nilitaka unisaidie hapo, ndiyo maana nilikuambia ukae. Unimalizie basi, mwanangu. Uifute, uipake mafuta kidogo, uiweke. Usinitumie picha."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, Baba. Maple Grove ni mbali na Missenyi, na mzee asingekuja tena kukagua. Vedasto alikuwa tayari amefungua kinywa kwa ajili ya uongo huo, akakuta hauwezi kupita.

"Baba, niliichakaza tena," alisema. "Ile Jumamosi mlipokwenda mtoni. Safari hii kwa siki. Ile kutu haitoki."

"Najua. Niliiona siku ya kuondoka, nilipokuwa natafuta kamba ya sanduku."

Aliiona, na akamjibu marahaba uwanja wa ndege kama kawaida. Vedasto alikaa chini kwenye ndoo, ile ile, akalia huku simu iko sikioni, na baba yake hakumwambia anyamaze.

"Wewe sugua tu," mzee alisema mwishoni. "Mimi nasugua tangu sabini na tisa."

Wakaagana. Vedasto akasogeza ngazi, akaishusha bunduki, akafungua kipande cha khanga akakiloweka kwenye beseni la sabuni. Alianza na kitako, upande wa kulia. Uchakavu wa pale ulitoka kwa msasa laini na subira, na kufikia saa tisa mti ulikuwa mweupe, haujui shavu la mtu. Chuma alikisugua mpaka vidole vikachubuka, akakipaka mafuta, akakilaza mezani kikiwa safi.

Jumamosi iliyofuata alifungua gereji akakuta wekundu umerudi kwenye vitundu vyote. Akawapigia simu wateja mmoja mmoja kuwaambia waje wachukue vitu vyao, hatazeesha tena bunduki ya mtu. Kisha akavuta ndoo, akakaa, akaanza upya.